UKURASA WA KITABU: Uliza kwanza, zimwi ni nani?

  Natumaini mvua haijawasumbua sana huko kambini. Sisi huku Gudele njia zimekuwa tope tupu, boda boda wamepandisha bei na tanka la maji halifiki kila mtaa. Lakini darasa letu la Jumamosi linaendelea. Watoto wanakuja na viatu mkononi.

Mwezi huu kitabu chetu ni cha hadithi fupi, na ni mambo ya kubuni kabisa: mazimwi, majini, wachawi na wafalme. Kinaitwa The Last Wish, kwa Kiswahili tungesema Ombi la Mwisho. Tuna nakala moja tu, ya Kiingereza, imekatika jalada la nyuma. Ilikuja ndani ya sanduku la vitabu vya zamani. Kwa hiyo tunafanya hivi: mimi nasoma kurasa mbili tatu, halafu nasimulia kwa Kiswahili, na yule anayejua vizuri Kiarabu cha Juba anawasaidia wadogo. Si mnajua darasa letu lilivyo. Wengine Kiswahili ni cha nyumbani kwao Kongo, wengine walikipata Kakuma, wengine Uganda. Hadithi moja inatuchukua Jumamosi mbili.

Najua baadhi ya wazazi wataguna. Mama mmoja aliniuliza waziwazi: "Mwalimu, hawa watoto wameona mambo ya kutisha ya kweli. Sasa wewe unawaongezea ya uongo?" Swali la mama huyo ni la haki. Haya ninayoandika leo ni jibu langu kwake, na kwa yeyote mwenye wasiwasi kama wake.

MWANDISHI NI NANI

Aliyeandika anaitwa Andrzej Sapkowski, mtu wa Poland, aliyezaliwa mwaka 1948 katika mji wa Łódź. Hakuanza kama mwandishi. Alikuwa akifanya kazi ya biashara ya nchi za nje. Gazeti moja la kwao, jina lake Fantastyka, likatangaza mashindano ya hadithi fupi. Akapeleka hadithi moja ya mwinda mazimwi, ikachapwa mwaka 1986. Kwenye mashindano ilipata nafasi ya tatu tu, lakini wasomaji wakataka nyingine, na nyingine tena. Kitabu cha Ombi la Mwisho kikatoka mwaka 1993, na kwa Kiingereza mwaka 2007. Mwaka huo huo wa 2007 ukatoka mchezo wa kompyuta, na mwaka 2019 ikaanza filamu ya mfululizo. Ndiyo maana vijana wanaoshinda pale wanapochaji simu wanamjua huyu mwindaji kwa jina la Witcher, ingawa kitabu hawajakigusa.

Kuna jambo moja kuhusu nchi ya mwandishi ambalo litawagusa. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, mwaka 1940 na 1941, watu wengi wa Poland waling'olewa makwao na serikali ya Stalin, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 baadhi walipata njia ya kutoka kupitia Iran. Maelfu yao, wengi wakiwa wanawake na watoto, waliletwa huku kwetu Afrika Mashariki. Kambi ya Tengeru, karibu na Arusha, ilikuwa na watu kama 5,000. Uganda walikaa Koja, kando ya Ziwa Victoria, na Nyabyeya, upande wa Masindi. Ninyi mliowahi kuishi Kiryandongo mnajua Masindi si mbali. Kanisa walilojenga Nyabyeya bado limesimama, na makaburi yao Tengeru yapo mpaka leo.

Niliposema hayo darasani, mtoto mmoja hakukubali. "Wazungu wakimbizi? Uganda?" Ndiyo. Walipanga foleni ya chakula kama sisi, na watoto wao walisoma kambini.

MTU WA KIBARUA

Sasa tuje kwa mwindaji mwenyewe. Anaitwa Geralt wa Rivia. Nywele zake ni nyeupe kama za mzee ingawa si mzee. Alichukuliwa akiwa mtoto, akapewa dawa kali na mazoezi makali mpaka mwili wake ukabadilika. Anaona gizani, ana mbio, ana upanga. Hana shamba, hana nyumba. Anapita mji hadi mji na farasi wake, anauliza kama kuna zimwi linalosumbua watu. Akiambiwa lipo, jambo la pili anauliza bei.

Hapo watoto walicheka. Lakini kijana mmoja anayefanya kibarua cha kupakua saruji hakucheka. Akasema, "Huyu anajua kazi. Sisi tunapakua kwanza, halafu ndiyo tunaambiwa bei." Tukakaa kwenye jambo hilo karibu nusu saa. Kumbe wengi wao wana hadithi ya kibarua kisicholipwa.

Watu wa kwenye kitabu wanamhitaji Geralt, lakini hawamtaki. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa Geralt mwenyeji anapona kweli, halafu mgeni anaonyeshwa njia. Kuna mji mmoja unaitwa Blaviken. Anaingia humo na punda aliyebeba mzoga wa dudu kubwa la kwenye kinamasi, anatafuta wa kumlipa. Fikirini mtu anaingia Konyo Konyo na mzigo kama huo! Baadaye, siku ya soko, anapigana peke yake na genge lililopanga kuwaua watu sokoni. Anawamaliza. Watu wa mji wanaona damu tu. Wanamrushia mawe, na rafiki yake mkuu wa mji anamwambia aondoke, asirudi tena. Hakuna aliyemuuliza kwa nini alifanya vile.

Na hiyo ndiyo sababu nimekipenda kitabu hiki. Ukisoma hadithi zote unaona Geralt ana desturi moja kabla ya kuchomoa upanga: anauliza. Hiki kitu ni nini? Kilianza lini? Nani alikiona? Nani anafaidika kikifa? Majibu anayopata mara nyingi si yale aliyoambiwa alipoajiriwa.

BINTI WA MFALME

Hadithi ya kwanza ni ya mfalme Foltest. Katika jumba lake la zamani kuna zimwi linaitwa striga. Linalala ndani ya jeneza, usiku linatoka na kula watu. Wengi wamekwenda kupigana nalo wakafa, na wengine wamekimbia. Geralt anauliza, na ukweli unatoka. Zimwi hilo ni binti wa mfalme mwenyewe. Alilaaniwa tangu tumboni mwa mama yake kwa sababu ya makosa ya wakubwa. Wakubwa wengine wa nchi wanataka auawe upesi yaishe. Mmoja wao anataka kumpa Geralt pesa ili aende zake na zimwi libaki, kwa sababu zimwi linaharibu jina la mfalme na yeye anafaidika.

Geralt anachukua njia ngumu. Laana itatoka ikiwa binti atazuiwa asirudi jenezani mpaka jogoo awike mara ya tatu. Basi anapambana naye usiku kucha, kisha anaingia yeye mwenyewe ndani ya jeneza na kujifungia. Asubuhi pale sakafuni kuna msichana wa miaka kumi na minne hivi, mchafu, amekonda. Hata hapo bado anamjeruhi Geralt vibaya shingoni. Kumponya mtu kulimgharimu damu. Kumuua kungekuwa rahisi zaidi.

Tuliposoma hiyo, darasa lilikuwa kimya. Halafu msichana mmoja wa nyuma, ambaye huwa hasemi, akauliza: "Mwalimu, yule binti alipopona, watu walimsalimia?" Nitarudi kwake baadaye.

SHETANI WA BONDE LA MAUA

Hadithi nyingine ni ya kijiji kimoja chenye ardhi nzuri, katika Bonde la Maua. Wazee wa kijiji wanamwambia Geralt kuna shetani mwenye pembe anayewaibia mazao na kuwachezea. Wanataka amfukuze, ila asimuue. Geralt anakwenda shambani, na kumbe huyo mwenye pembe anazungumza, anatukana, anarusha vitu kama mtoto mtundu. Basi anaiba kwa ajili ya nani?

Anaiba kwa ajili ya watu waliofukuzwa. Zamani bonde lile lilikuwa la jamii nyingine ya watu wa kale. Walipokuja hawa wenye kijiji, wale wakasukumwa mpaka milimani penye mawe. Hawajui kilimo, maana zamani hawakuhitaji kulima. Sasa wana njaa. Mwenye pembe anawaibia mbegu, tena anaiba na ujuzi, yaani anaangalia wanakijiji wanavyopanda ili awafundishe. Huyo ndiye "shetani".

Wale wa milimani wanamkamata Geralt na rafiki yake mwimbaji, wanataka kuwaua. Geralt anamwambia mkubwa wao: shukeni, fanyeni biashara na watu, jifunzeni kuishi nao. Mkubwa anakataa. Kushuka maana yake ni kuishi kwa sheria za waliowafukuza, kuomba ruhusa kwenye ardhi iliyokuwa yao.

Jamani, darasa liligawanyika hapo mpaka nikashindwa kuendelea. Kijana mmoja alisema, "Mkubwa wao ana haki. Bora njaa kuliko kudharauliwa." Dada mmoja mwenye mtoto mgongoni akamjibu, "Wewe huna mtoto. Mimi nimekula unga wa kudharauliwa na mtoto wangu yuko hai." Mwingine akasema wanakijiji nao si wabaya, maana waliomba shetani asiuawe. Pengine walijua kuna watu huko juu wenye njaa. Sikutoa uamuzi, maana hapo hakuna jibu la kwenye ubao. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema tena "shetani". Walikuwa wanasema "yule wa mbegu".

NUNDA WETU WA PWANI

Msidhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Kiswahili kina mwinda mazimwi wake, na ni wa zamani kuliko Geralt. Mwaka 1870 mmisionari Edward Steere alichapa London kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Zanzibar. Mojawapo ni ya Sultani Majinuni.

Sultani huyu alikuwa na paka. Paka akaanza kula mifugo, watu wakaja kushtaki. Sultani akajibu kwamba paka ni wake na mali ni yake, wamwache. Paka akaendelea na wanyama wakubwa zaidi, na jibu likawa lile lile. Mwishowe akaingia porini, akakua, akawa Nunda, mla watu. Sultani alikuja kuamini siku Nunda alipowala watoto wake mwenyewe. Mchuma janga hula na wa kwao.

Ndipo mtoto wa mwisho wa Sultani akaenda kumtafuta Nunda. Hakulipwa na mtu. Alikwenda kwa uchungu wa ndugu zake. Lakini hakujua Nunda anafanana vipi. Akaua mbwa, akamletea mama yake akiimba kwa furaha kwamba ameua Nunda. Mama akamwambia, siye. Akarudi tena na ngawa. Siye. Punda milia, siye. Twiga, kifaru, tembo, wote siye. Kila mara mama anamsihi aache, na kila mara anarudi porini, mpaka akampata Nunda mwenyewe.

Hii nilisimuliwa nikiwa mdogo, na siku zote nilifurahia ushujaa wa yule kijana. Safari hii, baada ya Geralt, mtoto mmoja wa darasa langu aliinua mkono akauliza: "Kwani yule twiga alikosa nini?" Jamani! Hesabuni wenyewe. Wanyama wangapi walikufa kabla ya yule mwenye kosa kupatikana? Na paka alifugwa nyumbani kwa mkubwa, wote wakimwona.

MAZIMWI YA KWELI YAPO

Hapa niseme wazi ili nisieleweke vibaya. Sisemi kila zimwi ni mtu mwema aliyeonewa. Nunda alikula watu kweli. Geralt naye upanga wake si wa mapambo, na hadithi nyingine zinaisha kwa kuua kwa sababu hakuna njia nyingine. Ninyi mliokimbia usiku na watoto mgongoni hamhitaji mwalimu kijana awaambie kwamba ubaya upo. Mmeuona kwa macho.

Ninachosema ni kwamba asiyeuliza humpiga aliye karibu, tena aliye dhaifu. Mwenye kosa anabaki porini. Wazee wana msemo: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Darasani tumeugeuza kidogo. Tunasema, ukilijua zimwi, hutamla jirani yako.

Hata nchi hii tunayoishi imewahi kuandikwa kama nchi ya mazimwi. Mwaka 1851, huko Ufaransa, Francis de Castelnau alichapa habari za watu wa ndani ya Afrika wanaoitwa Niam-Niam, ati wana mkia. Hilo Niam-Niam lilikuwa jina Wazande waliloitwa na majirani, maana yake walaji. Mwaka 1870 Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa Wazande mwenyewe. Mkia hakuuona. Aliona watu wanaovaa ngozi za wanyama zinazoning'inia nyuma. Yeye naye aliandika mengine yasiyopendeza, lakini la mkia liliishia hapo, kwa sababu kuna mtu aliyefika na kutazama. Leo watoto wa Kizande wako madarasani hapa Juba, wanabishana na wenzao kuhusu mpira kama watoto wote.

YULE MSICHANA WA NYUMA

Sasa narudi kwa yule aliyeuliza kama binti wa mfalme alisalimiwa. Simtaji jina na msitafute kumjua. Ana kifafa. Anaanguka, mwili unatetemeka, povu linatoka mdomoni. Mtaani watoto wameambiwa wasiguse kikombe chake, ati povu linaambukiza. Wengine wanasema ana pepo, na kuna mtu mzima aliyetamka mbele yake neno "mchawi". Alipouliza swali lile hakuwa anauliza habari za Poland.

Nami nataka tuulize kama Geralt. Hiki ni nini? Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizwi kwa povu, kwa mate, kwa kikombe wala kwa kulala kitanda kimoja. Kina sababu nyingi. Inaweza kuwa kuumia wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, au kipigo cha kichwa. Katika nchi hii kuna sehemu kama Maridi na Mundri ambako watoto wengi wamepata kifafa, na wengine ule ugonjwa wa kutikisa kichwa kana kwamba wanasinzia. Watu waliogopa sana, familia zikatengwa. Watafiti walipokwenda kuuliza na kupima, waliona uhusiano mkubwa na minyoo inayoletwa na usubi, yule nzi mdogo mweusi anayezaa kwenye maji yanayokwenda kasi, na anayeleta pia upofu wa mtoni. Pale Maridi usubi walikuwa wakizaliana kwenye maji ya bwawa yanapomwagikia. Watu wa pale pale wakaanza kufyeka majani wanamojishika, na nzi wakapungua. Kuna pia dawa ya ivermectin inayogawiwa vijijini dhidi ya minyoo hiyo.

Mnaona? Watu walikuwa wanamwogopa mtoto, na huku nzi anaendelea kuuma.

Mtoto akianguka kwa kifafa nyumbani au njiani, fanyeni hivi. Ondoeni vitu vigumu na moto karibu naye. Mlazeni kwa ubavu, mlegezeeni nguo shingoni, wekeni kitu laini chini ya kichwa. Msimshike kwa nguvu, wala msimtie kijiko mdomoni. Kaeni naye mpaka azinduke. Ikizidi dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, mpelekeni kliniki upesi. Dawa za kifafa zipo, ni za kumeza kila siku, na zisiachwe ghafla bila kumwuliza daktari au muuguzi.

Jumamosi iliyofuata wasichana wawili walikwenda kukaa benchi moja naye. Ni wawili tu, na darasa lina watoto arobaini. Lakini kikombe cha maji kilipopita, kilipita mpaka kwake kikaendelea kwa mwenzake. Sikusema kitu, niliendelea kuandika ubaoni.

JIBU KWA MAMA

Mama yangu uliyeniuliza, hili ndilo jibu langu. Watoto wetu wana mambo ambayo hawawezi kuyasema. Ukimwuliza mtoto "uliona nini njiani?" anainamisha kichwa. Lakini ukimwuliza "striga alikuwa anaogopa nini?" anaanza kuzungumza, na ukitulia utasikia anazungumza habari zake mwenyewe. Zimwi la kitabuni lina jina, lina mwanzo, na kuna mtu anayethubutu kwenda kuliuliza. Mazimwi wanayoota watoto usiku hayana hata hayo.

Lakini una haki katika hili: si kila ukurasa ni wa mtoto. Kitabu hiki kina damu, lugha chafu na mambo ya watu wazima. Hadithi ya Nivellen, yule bwana mwenye kichwa cha mnyama, na ile ya jini, hizo ni za wakubwa. Mimi kwa wadogo nasimulia hiyo ya bonde na ya Nunda tu, tena mchana, si wakati wa kulala. Mtoto akikuambia "basi, inatosha," acha hapo hapo. Hakuna mtihani.

Na kama nyumbani hamna kitabu, hamjakosa kitu. Bibi yupo, babu yupo. Kila kabila lililo kambini lina zimwi lake na shujaa wake. Mwambieni bibi asimulie, halafu mtoto aandike kwenye daftari hata ukurasa mmoja, kwa lugha yoyote. Nileteeni. Zile nzuri tutaziweka kwenye ukurasa huu, kwa ruhusa ya familia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Geralt anauliza bei kabla ya kazi. Ni vibaya kulipwa kwa kusaidia watu? Je, wewe ungemsaidia asiye na cha kulipa?

2. Wale wa milimani wangeshuka bondeni au wangebaki? Kila mtu nyumbani aseme lake, na wadogo waanze.

3. Nani alikosa zaidi, paka au Sultani? Kwa nini watu waliomwona paka tangu mwanzo hawakuweza kumzuia?

4. Mtaani kwenu kuna mtu anayeitwa jina la kutisha? Nani aliwahi kwenda kumsalimia na kumuuliza hali?

Swali la nne msilijibu haraka. Likae siku mbili tatu.

Mwezi ujao tutakuwa na hadithi za Abunuwasi, tucheke kidogo. Anayetaka kuazima Ombi la Mwisho aje Jumamosi saa nane mchana, baada ya darasa. Ni wiki moja tu kwa kila nyumba, na tafadhali lifungeni kwenye mfuko wa plastiki, mvua haina huruma.

Wasalimieni watoto wote.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea, Gudele.